Jeni si Jini: Risala ya Wazazi wa Watoto Viziwi wa Mlandege

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sheha wetu na viongozi wa Wilaya ya Mjini,
Masheikh, maimamu na walimu wa vyuo,
Wazazi wenzetu, na nyinyi watoto mliowekwa safu ya mbele ili mumuone mkalimani,



Risala nyingi zinazosomwa hapa mjini huanza na kurasa mbili za shukrani, madai yakaja mwisho, chai imeshaanza kumiminwa na mgeni rasmi anatazama saa. Sisi tumegeuza. Shukrani tunazo, na wanaozistahiki tutawafuata wenyewe baada ya shughuli. Karatasi hii ni ya malalamiko na madai.

Leo ni tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani. Tarehe hii ilichaguliwa kwa umbo lake: tatu mbili, ya siku na ya mwezi, zinafanana na masikio mawili. Sisi ni wazazi na walezi wa watoto viziwi wa Mlandege na mitaa ya jirani. Hatuna ofisi wala muhuri. Tunakutana Ijumaa baada ya alasiri kwenye kibaraza cha mmoja wetu. Nimechaguliwa kusoma mimi kwa kuwa nauza kanga na vitambaa, na sauti yangu imezoea kushindana na honi za vespa na mahamali wanaodai njia. Mwanangu wa tatu ni kiziwi, ana miaka tisa. Jina langu katika lugha ya alama alinipa yeye: hupima dhiraa kwenye mkono wake wa kushoto, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mkimuona mkalimani anafanya hivyo leo, ananitaja mimi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Siku daktari mmoja mgeni aliponiambia kwamba uziwi wa mwanangu huenda ni wa jeni, nilirudi nyumbani nikamwambia mama mkwe neno lile lile nililoambiwa. Yeye hakusikia jeni, alisikia jini. Simlaumu, tofauti ni irabu moja tu, na hiyo ya pili ndiyo aliyoizoea tangu utotoni. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imeshafika kwa mawifi: hata daktari kasema ni jini. Ukatafutwa ubani, akaitwa mtu, mtoto akafunikwa shuka akafukizwa mpaka macho yakamwiva. Alikuwa na miaka mitatu. Hakuna aliyeweza kumwambia kwa nini anashikwa mabega kwenye giza na moshi, kwa sababu nyumba nzima hatukuwa na hata alama moja ya mkono ya kumwambia kitu. Mpaka leo akiona chetezo anatoka mbio. Dua hatuikatai, na kombe la Qur-ani tunalinywa sote. Tunachokataa ni mtoto kuadhibiwa kwa neno ambalo hakuna aliyekaa kitako kutueleza.

Basi tujieleze wenyewe, maana tumelazimika kujifunza.

Jeni ni maandishi yaliyomo ndani ya seli za mwili, yanayoielekeza seli namna ya kutengeneza protini fulani. Hii tunayoizungumza wataalamu wameipa jina la GJB2. Imekaa kwenye kromosomu namba 13, na protini inayotokana nayo inaitwa koneksini 26. Ni protini ndogo, imeungwa kwa asidi amino 226 tu. Kazi yake ni kufungua njia baina ya seli na seli jirani. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe hahitaji picha ya kitabuni kuielewa, anahitaji kukumbuka wikio: nyumba hii na nyumba ile, kichochoro kinapita chini, na ghorofani pana daraja lililofunikwa ambalo wanawake walipita kwenda kwa jirani bila ya kushuka njiani. Koneksini hujenga wikio. Sita zinajipanga duara kwenye ukuta wa seli hii, sita nyengine kwenye ukuta wa seli ya pili, nusu mbili zinakutana, njia inapitika.

Ndani kabisa ya sikio, kwenye mfereji uliojiviringa kama gamba la konokono, mawikio haya ni mengi mno. Sauti ikiingia, chembe za potasiamu huingia katika seli zenye vinyweleo, na hapo ndipo ujumbe unapopelekwa kwenye ubongo. Lakini potasiamu hiyo haiwezi kuachwa pale pale ijae. Lazima ipokelewe na seli za pembeni, ipitishwe nyumba hata nyumba, irudi ilikotoka, sauti inayofuata ikute mlango u wazi. Koneksini ikiharibika, mzunguko huo unakwama. Wataalamu bado wanabishana kama hilo ndilo jambo lenyewe hasa au pana jengine linaloharibika mapema zaidi, tangu sikio linaumbwa, kwa kuwa njia hizo hupitisha na ujumbe mwengine. Ubishi huo tumewaachia. Sisi limetutosha hili: ni njia iliyozibika baina ya seli mbili, na haizibuliwi kwa ubani.

Jeni hii kila mtu amepewa mara mbili, kipande cha mama na kipande cha baba. Mimi naiita doti. Kipande kimoja kikichanika, cha pili kinasitiri: mtu anasikia vizuri, anaoa, anaolewa, anazeeka, hajui kwamba amebeba mchaniko. Wakikutana wawili waliobeba, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto kuvaa vipande viwili vilivyochanika. Kimoja kutoka kwa mama, kimoja kutoka kwa baba. Tumeombwa na akina mama wenzetu tulisome neno la mwisho mara mbili. Kwa baba.

Hilo ndilo lalamiko letu la kwanza. Kibarazani petu wamo waliopewa talaka kwa sababu ya mtoto kiziwi. Mmoja aliambiwa na mumewe mbele ya wazee, "Kwetu hakuna bubu." Akarudi kwao na mtoto na mabegi mawili. Bwana yule akaoa binti ya ami yake, akapata mtoto wa kike, na mtoto huyo naye ni kiziwi. Safari hii hakumwacha mke. Alikuja kibarazani kwetu Ijumaa moja, akasimama njiani kama mtu anayeuliza bei, akauliza tunafundishia wapi alama. Mke wake wa kwanza ndiye aliyemsogezea kiti. Mimi nisingemsogezea, lakini ndiyo tofauti ya watu.

Tunadai, kwa hiyo, kwamba mtoto akigundulika ni kiziwi waitwe wazazi wote wawili, wawekewe viti viwili, waelezwe pamoja kwa Kiswahili, na watoke na karatasi. Maelezo yanayopewa mama peke yake hufika nyumbani yameshakuwa mashtaka. Na kwenu masheikh tunaomba jambo dogo: kwenye khutba za nikaha mnawausia vijana mengi mema, ongezeni dakika moja ya hili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Lalamiko la pili linahusu vipimo, na hapa tunaomba subira yako kwa sababu ndipo tulipoumizwa bila ya aliyetuumiza kujua.

Wengi wetu tuna jamaa Oman. Mmoja wetu alisaidiwa na kaka yake aliyeko huko, mate ya mtoto yakapelekwa kwenye maabara ya mbali, fedha ikalipwa iliyokuwa ya kumalizia paa. Likaja jibu la ukurasa mmoja kwa Kiingereza, na kijana wa skuli akalisoma: hakikuonekana kitu. Ukoo ukapumua. Kumbe si la kurithi! Basi ni mkosi, ni jicho, ni mama alikula nini. Ilipita miaka miwili ndipo muuguzi mmoja mstaafu aliposoma mstari mdogo wa chini: maabara ile ilitafuta hitilafu moja tu, inayoitwa 35delG.

Nieleze hitilafu hiyo kwa lugha ya mtaa wetu wa mafundi. Katika maandishi ya GJB2 pana mahali herufi G imejipanga mara sita mfululizo. Kwa wenye hitilafu hii, moja imedondoka. Fundi akiruka kifungo kimoja cha shati, vyote vya chini vinaingia tundu zisizo zao. Ndivyo maandishi yote yaliyobaki yanavyokwenda kombo, na protini haikamiliki. Hitilafu hiyo imeenea sana Ulaya na kandokando ya Bahari ya Mediterania, ndiyo maana maabara za huko huitafuta kwanza. Lakini kila watu wana mchaniko wao. Asia ya Mashariki wanayo yao, 235delC. Bara Hindi inajulikana zaidi W24X. Ghana, katika kijiji cha Adamorobe, ni R143W, iliyotangazwa mwaka 1998. Mwaka 2001 watafiti walichapisha kwamba mabadiliko ya jeni hii yanayoleta uziwi hawakuyakuta miongoni mwa Waomani waliowapima. Mwaka 2004 wakachapisha wengine kwamba kwa watoto viziwi wa Kenya na Sudan mabadiliko hayo ni machache. Na GJB2, kwa umaarufu wake wote, ni moja tu katika jeni zaidi ya 100 zinazojulikana kuleta uziwi.

Kumpima mtoto wa Mlandege kwa 35delG peke yake, kisha ukawaambia wazee hakuna kitu, ni sawa na kumtafuta mtu wa Makunduchi kwa kutaja majina ya watu wa Micheweni. Utarudi na jibu la kweli lisilokusaidia. Na usitwambie pia kwamba la Oman litutoshe au la Kenya litutoshe. Hapa pana waliotoka Hadhramaut na Ngazija, waliotoka Kachchh na Muscat, waliotoka bara na waliokuwepo Tumbatu na Unguja Kuu kabla ya wote hao. Nyumba moja ya Mlandege ina bibi wanne wa asili nne. Jibu letu litapatikana hapa hapa.

Madai yetu hapa ni matatu, na hatukubali yapunguzwe yawe dai moja. Kwanza, anayempima mtoto wetu jeni hii aisome yote. Tumeelezwa kwamba sehemu yake inayotengeneza protini imekaa mahali pamoja, haikukatwa vipande mbalimbali kama ilivyo kwa jeni nyingi, kwa hiyo kuisoma yote si kazi ya ajabu. Pili, jibu liandikwe kwa Kiswahili na liseme mambo matatu waziwazi: kimetafutwa nini, kimeonekana nini, na nini hakikutafutwa. Neno la tatu ndilo lililokosekana kwa mwenzetu, akalipia kwa paa na kwa heshima ya mkewe.

Dai la tatu ni la damu yenyewe. Tunataka utafiti, kama tulivyodokeza. Mahali ilipo jeni hii katika kromosomu ya 13 palijulikana mwaka 1994 kwa damu ya familia za Tunisia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1997, ikatajwa jeni yenyewe. Familia kama zetu ndizo zilizotoa. Basi atakayekuja na sindano aje pia na maelezo, atuulize tukiwa tumekaa, atuambie damu inakwenda wapi na itahifadhiwa mpaka lini, na jibu lirudi kwenye kibaraza kabla ya kwenda kwenye jarida. Na mtu akikataa, asiulizwe sababu.

Sasa nasoma sehemu ambayo nusura itugombanishe.

Anayetufundisha alama ni kijana kiziwi, fundi cherehani, ana miaka kama ishirini na sita. Siku tulipomaliza kuelezana habari ya doti na mchaniko, tumefurahi kwamba tumefahamu, yeye alinyanyua mkono akauliza: "Mkishaijua hiyo jeni, mnataka sisi tusizaliwe?" Kibaraza kizima kikawa kimya, na kimya chetu alikiona. Nikataka kumwambia hapana, mikono yangu ikawa haijui alama ya kulisema jambo refu namna hiyo.

Tumelizungumza Ijumaa tatu. Adamorobe tuliyoitaja ni kijiji ambacho uziwi wa kurithi umekaa vizazi vingi, na wana lugha yao ya alama ambayo hata wanaosikia wengi wanaifahamu. Mwaka 1975 chifu wao alipiga marufuku viziwi kuoana wao kwa wao. Lakini aliyebeba kipande kimoja anasikia, anaoa anayemtaka, na marufuku ile haikumgusa hata kidogo. Iliwaangukia wale tu ambao walikuwa wanapendana na kuelewana kwa lugha moja. Na viziwi wawili ambao uziwi wao umetoka katika jeni mbili tofauti wanaweza kuzaa watoto wote wanaosikia. Kwa hiyo mwenye kufikiri kwamba ataumaliza uziwi kwa kuwakataza viziwi nikaha, kwanza amedhulumu, pili hesabu yake imekosea.

Tunadai hivi: kipimo kiwe cha hiari. Kisiwe sharti la ndoa, la kazi, la skuli wala la safari. Jibu ni la mwenyewe. Asipewe mkwe, asipewe mwajiri, na asipewe sheha, na sheha wetu yupo hapa atatuwia radhi. Watoto wa ami na wa mjomba wataendelea kuoana kwetu, wala hatukuja kukataza ndoa ya mtu. Tunataka anayeoa ajue anachokijua daktari, basi. Na panapopangwa jambo lolote la jeni za uziwi, viziwi wawemo mezani tangu mwanzo. Fundi wetu ameridhika na maneno haya, ameyasoma mwenyewe, na mstari wa "hesabu yake imekosea" ni wake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Isije ikafahamika kwamba sisi tunaona kila uziwi ni wa jeni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unazuilika. Hapo zimo surua, rubela kwa mama mjamzito, homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya mtoto mchanga, usaha wa sikio unaoachwa utiririke kwa sababu "watoto ndivyo walivyo", na baadhi ya sindano, jentamaisini ikiwa mojawapo, ambazo zinaokoa roho lakini zinaweza kuharibu sikio. Chanjo ya surua na rubela ilianza Tanzania mwaka 2014 na imo katika kadi za watoto wetu. Wazazi wenye mashaka na chanjo waje Ijumaa tuwaoneshe upande wa pili.

Ila iwe jeni au iwe homa, sote tumekutana na jambo moja: tulichelewa kujua.

Mimi nilijua kwa mfuniko wa sufuria. Mwanangu ana miaka miwili na nusu, amekaa kwenye mkeka amenipa mgongo anacheza na vizibo. Mfuniko ukanitoka mkononi ukaanguka sakafuni, ukazunguka ule mzunguko wake mrefu. Yeye hakutikisika. Nikauokota, nikauangusha tena makusudi, karibu zaidi. Safari hii akageuka, moyo ukatulia. Kisha nikatambua kwamba aligeuka kwa sababu mkeka ulitetemeka. Nikatandika gunia, nikauangusha juu ya meza nyuma yake, mara ya tatu, ya nne. Aliendelea kupanga vizibo vyake, vyekundu upande huu, vya buluu upande huu.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshauliza mara mbili kwenye kliniki moja. Niliambiwa watoto wa kiume huchelewa kusema. Niliambiwa nisiwe na haraka. Wenzangu waliambiwa hivyo hivyo, na mmoja aliambiwa mtoto wake ni mkaidi.

Kuna mashine ndogo yenye kizibo laini. Kinatiwa sikioni kwa mtoto mchanga aliyelala, inapeleka sauti na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka ndani ya sikio. Ni kazi ya dakika chache. Utaratibu unaofuatwa kwengine duniani ni mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi mmoja, ithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na asaidiwe kabla ya miezi sita. Watoto wetu wanakwenda chanjo, Zanzibar nzima inakwenda chanjo. Tunadai mashine hiyo iwepo pale pale penye mzani na sindano, Unguja na Pemba, na aliyefundishwa kuitumia asihamishwe baada ya miezi mitatu. Asiyepita kipimo aelekezwe pa kwenda, kwa jina la mahali na siku. "Mleteni akikua" si rufaa.

Vifaa. Mama wa mtoto mwenye kifaa cha kusikia mtamjua kwa mkebe wa mchele. Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Usiku kifaa kinalala ndani ya mchele mkavu, la sivyo asubuhi kijimpira kinakutwa na tone la maji na sauti haipiti. Betri zake ni vidude vidogo vyenye kijibandiko. Ukishakibandua hewa imeingia, betri inaanza kwisha hata kama kifaa kimezimwa, kwa hiyo hatubandui mpaka dakika ya mwisho. Kile kibumba cha plastiki kinachokaa ndani ya sikio hutengenezwa kwa kipimo cha sikio lenyewe, na sikio la mtoto linakua. Kikishapwaya kifaa kinapiga mluzi. Darasa zima linausikia mluzi ule, mwalimu anakasirika, mtoto aliyekivaa hausikii, anashangaa kwa nini anatolewa nje. Kifaa cha msaada wa siku moja, kikapigwa picha, kisha pasiwe na betri wala kibumba kipya, kinaishia kabatini. Tunacho kibarazani chungu kizima. Tunadai betri na vibumba vipatikane hapa mjini kama inavyopatikana miwani, na ushuru wake uondolewe kama upo.

Muhimbili walianza kupandikiza kifaa cha ndani ya sikio mwaka 2017, na wataalamu wanasema watoto wengi wenye hitilafu ya GJB2 hunufaika nacho, kwa kuwa kwao mshipa wa kusikia mara nyingi ni mzima. Hilo nalo ni sababu ya kutaka kipimo cha maana. Lakini upasuaji ni mwanzo tu. Baadaye ni kurudi tena na tena kurekebishiwa kifaa, na kwetu kurudi maana yake ni boti, nauli ya watu wawili na pa kulala Dar es Salaam. Tunadai marekebisho hayo yafanyike Unguja. Wasioutaka upasuaji huo wasidharauliwe.

La lugha tungeweza kulisemea siku nzima. Zanzibar ilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, Tanzania ikauridhia mkataba wa kimataifa wa haki zao mwaka 2009, na sheria mpya ikaja mwaka 2022. Karatasi zipo. Lakini dada mmoja kiziwi wa mtaani kwetu alijifungua akiwa na mkalimani mmoja tu chumbani, naye ni mama mkwe wake, ambaye alama anazozijua ni za chakula na za kufagia. Alichoulizwa na alichojibu, Mungu ndiye anayejua. Tunadai wakalimani walioajiriwa, wenye mshahara, hospitalini, polisi na kwa kadhi. Tunadai mwalimu wa mtoto kiziwi awe anajua alama kabla ya kuingia darasani, si ajifunze kwa mwanafunzi. Na mzazi afundishwe alama siku ile ile anayopewa jibu la daktari, kwa sababu akili ya mtoto haingoji maabara. Neno "bubu" litoke kwenye fomu zote.

Watoto wetu si watu wa huzuni, tusieleweke vibaya. Usiku wa Januari 2024 timu ya Mlandege ilipoifunga Simba 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi, mwanangu alikuwa amelala. Aliamka, akaweka kiganja ukutani, akakiweka muda, akaja kuniamsha mimi niliyekuwa nimesinzia na kuniuliza kwa alama nani kashinda. Ukuta ulikuwa unatetemeka. Mtaa mzima ulikuwa njiani, na kiziwi ndiye aliyeniambia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku tisini, tuyabandike pale kibarazani kila mtu asome. Nakala ya risala hii anayo mkalimani tangu juzi, na ya pili ipo kwenye bahasha ya khaki mkononi mwa yule mtoto mwenye kofia ya kijani, atakuletea. Usimshike kichwa, mpe mkono, anapenda hivyo. Na utakaposimama kutujibu, tafadhali usishike karatasi mbele ya mdomo, wala usisimame dirishani ukalipa jua mgongo. Safu ya mbele inasoma midomo.

Tunaomba kuwasilisha.